Mji ni Nini? Tujifunze kutoka kwa Wamaya wa Kale

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa maana ya neno 'mji', aghalabu hutaja mahali penye nyumba zilizosongamana, barabara, maduka na wakazi wengi. Maelezo hayo yanafaa kwa miji tuliyoizoea. Hata hivyo, fikra kama hiyo iliwahi kuwapotosha wataalamu wa historia ya Wamaya wa Amerika ya Kati. Makala haya mafupi yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea.

Miji ya Wamaya ilistawi hasa kati ya mwaka 250 na 900 B.K. Watafiti wa mwanzo walipofika Tikal, katika nchi ambayo leo ni Guatemala, waliona mapiramidi ya mawe, majumba ya wafalme na viwanja vipana. Hawakuona mitaa ya watu wa kawaida. Kwa hiyo baadhi yao, akiwemo mwanaakiolojia Mwingereza J. Eric S. Thompson, walishikilia kwamba hivyo vilikuwa vituo vya ibada tu. Makuhani wachache ndio walioishi hapo. Wakulima walikuja siku za sikukuu, kisha wakarudi mashambani.

Hoja hiyo ilianza kuporomoka baada ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania kuanza uchimbaji Tikal mwaka 1956. Ramani iliyochapishwa mwaka 1961 ilionyesha, kando ya mahekalu, vilima vidogo vidogo vingi vilivyotapakaa msituni. Vilipochimbwa, ilibainika kuwa vingi vilikuwa misingi ya nyumba. Kuta za miti na udongo pamoja na mapaa ya majani vilikuwa vimeoza zamani sana.

Makazi yenyewe yalikuwa na mpango wake. Kwa kawaida nyumba mbili, tatu au nne zilizunguka ua mmoja, na humo waliishi jamaa wa ukoo mmoja. Aghalabu wafu walizikwa chini ya sakafu, hivyo ardhi ya ukoo ilishuhudiwa na makaburi ya wazee wake. Baina ya ua mmoja na mwingine palibaki nafasi ya bustani na miti ya matunda. Kwa maneno mengine, shamba lilikuwa ndani ya mji.

Jambo lililowaunganisha wakazi hao waliotawanyika lilikuwa maji. Tikal haina mto wala ziwa, na kiangazi huko huchukua miezi kadhaa. Viwanja vya katikati vilisakafiwa kwa chokaa na kuinamishwa kidogo ili maji ya mvua yatiririkie kwenye mabwawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa mabwawa yaliyokuwa karibu na majumba ya wafalme yalichafuliwa na zebaki na viumbe vidogo vyenye sumu. Mnara wa mwisho wenye tarehe uliosimamishwa Tikal ni wa mwaka 869, na baadaye mji ulihamwa.

Mwaka 2018 watafiti walitangaza matokeo ya kupima msitu wa kaskazini mwa Guatemala kwa miali ya leza kutoka ndegeni. Katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,100 yalionekana majengo zaidi ya 60,000, pamoja na barabara, mifereji na matuta ya kilimo. Mahali palipodhaniwa kuwa patupu palikuwa pamejaa watu.

Kwetu sisi walimu wa lugha, lipo fundisho hapa. Katika Kimaya cha Yucatán, hati za wakati wa ukoloni wa Kihispania hutumia neno 'cah' kwa makazi pamoja na ardhi ya wakazi wake. Neno hilo halitenganishi nyumba na shamba. Watafiti waliokwenda msituni na maana ya mji waliyoizoea kwao walikanyaga misingi ya nyumba za watu bila kuitambua. Basi, tunapowafundisha wanafunzi wetu neno 'mji', tusiishie kwenye fasili ya kamusi. Tuwaulize pia: mji wa nani, na wenyewe waliuitaje?