Sura Bila Majina: Vitabu vya Picha na Historia ya Nchi ya Shaba



Bwawa la umeme lililojengwa na Union Minière juu ya mto Lualaba, karibu na Kolwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1950, lilipewa kwanza jina la Delcommune. Leo tunaliita Nzilo, kwa jina la mahali penyewe. Alexandre Delcommune alikuwa Mbelgiji aliyeongoza msafara uliofika Bunkeya, makao ya Mwami Msiri, mwaka 1891. Wakati ule njaa ilikuwa imeikumba nchi, na watu wengi wa msafara huo walikufa njiani. Delcommune mwenyewe alirudi kwao, na mwaka 1922 akatoa kitabu chenye majuzuu mawili, Vingt années de vie africaine. Hivyo jina lake liliingia katika kitabu, katika ramani na hatimaye katika ukuta wa bwawa. Majina ya wapagazi waliomchukulia mizigo hatuyaoni katika ramani yoyote.

Tunaanza na jambo hili kwa sababu linagusa kila kitabu cha zamani chenye picha za nchi yetu. Vitabu hivyo vipo vingi. Vimetunzwa katika maktaba za Brussels, London, Lisbon na kwingineko, na baadhi yake sasa vinaweza kusomwa bure kwa njia ya intaneti. Ni hazina kubwa, nasi hatuna budi kuijua. Lakini ni hazina yenye deni, kwa maana imetutunzia sura za wazee wetu na mara nyingi imeyaacha majina yao.

Tuvitazame vichache. Wareno Capello na Ivens, waliovuka Afrika kutoka Angola hadi Msumbiji katika miaka ya 1884 na 1885, walipita Katanga, na kitabu chao, De Angola à Contracosta, kilitoka mwaka 1886. Mskoti Frederick Stanley Arnot, mmisionari wa Kiprotestanti, alifika Bunkeya mwaka 1886. Kitabu chake Garenganze cha mwaka 1889 kimechukua jina la ufalme wa Msiri. Daktari Joseph Moloney alifuatana na Kapteni Stairs katika msafara ambao uliishia na kuuawa kwa Msiri tarehe 20 Desemba 1891. Miaka miwili baadaye alitoa simulizi lake, With Captain Stairs to Katanga. Msafara wa Stairs ulikuwa na mamia ya wapagazi na askari kutoka Zanzibar na pwani, na wengi wao hawakurudi kwao. Lugha yao ya Kiswahili ndiyo hii tunayoisoma sasa.

Mtu anapofungua vitabu vya namna hiyo, macho yake huvutwa kwanza na picha. Yafaa basi tujue jinsi picha hizo zilivyotengenezwa. Katika karne ya kumi na tisa, kwa kawaida msafiri alichora kwa penseli yale aliyoyaona, au alileta fotografia. Huko Ulaya, fundi ambaye hakuwahi kukanyaga nchi yetu aliichonga picha hiyo upya juu ya kipande cha mti, mstari baada ya mstari, ili mashine iweze kuipiga chapa. Pale ambapo msafiri hakuchora vizuri, fundi alijaza kwa mawazo yake. Kwa hiyo picha iliyo kitabuni imepita mikono ya watu wawili au watatu, na kila mkono umeongeza kitu au umepunguza kitu. Picha hiyo ni ushahidi, na kila ushahidi huulizwa maswali.

Kuna kazi nyingine iliyofanyika kwa namna tofauti. Kati ya mwaka 1898 na 1900, Charles Lemaire aliongoza msafara wa kisayansi katika Katanga. Pamoja naye alikuwapo mchoraji Léon Dardenne na mpiga picha François Michel. Dardenne alichora kwa rangi za maji akiwa papo hapo: watu, samaki, mimea, milima na mito. Michoro yake ni mizuri, na imetunzwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Picha za Michel zinawaonyesha wazee wetu wakiwa wamesimama mbele ya mashine ya mgeni, wakati ambapo vita na utawala mpya vilikuwa vimekwisha kuivunja nchi.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwana wa Lubumbashi aliingia katika hifadhi hiyo. Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, alizichukua fotografia za Michel na michoro ya Dardenne, akaziunganisha ziwe picha moja. Watu waliopigwa picha kama vitu vya kuchunguzwa wakaonekana wamesimama katika mandhari yenye rangi, na mtazamaji akalazimika kujiuliza ni nani hao. Kazi hiyo, iitwayo Congo Far West, ilionyeshwa Tervuren mwaka 2011. Kabla yake, mwaka 2006, Baloji alikuwa ametengeneza mfululizo uitwao Mémoire. Humo aliwatoa wafanyakazi wa Union Minière katika picha za zamani, akawasimamisha mbele ya magofu ya viwanda vya Gécamines ya leo. Mwaka 2014 kilitoka kitabu chake Mémoire/Kolwezi, ambamo wachimbaji wa mikono wa mji wetu wanaonekana pamoja na historia ya kampuni iliyowatangulia. Hapo tunaona kwamba hifadhi ya maktaba si kaburi. Mtoto wa nchi akiingia humo na maswali yake, picha za kale huanza kusema jambo jipya.

Sasa tuitazame shaba yenyewe. Mwaka 1892 mwanajiolojia Jules Cornet aliyapima madini ya Katanga, na vitabu vingi vikaandika habari zake kana kwamba shaba ilianza kujulikana siku ile. Lakini katika makaburi ya bonde la Upemba, kando ya Lualaba hiyohiyo, wachunguzi wa mambo ya kale kama Pierre de Maret walikuta misalaba midogo ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu, mingine ikiwa na umri wa karne nyingi. Ile ya zamani zaidi ni mikubwa kiasi. Baadaye ikawa midogo, yenye kufanana, hata ikafungwa pamoja mafungu mafungu. Ilikuwa mali na fedha ya watu wetu. Kijana Mkristo anayeuona msalaba huo asidhani kwamba uliletwa na wamisionari, kwa kuwa ulikuwa ukipita mkono kwa mkono muda mrefu kabla ya mmisionari wa kwanza kufika huku.

Mmojawapo wa walioandika juu ya mafundi hao ni Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyeliongoza Kanisa la Katanga tangu mwaka 1910. Alikuwa mtu wa zama zake, aliyesimama karibu sana na utawala wa kikoloni. Hata hivyo, mwaka 1926 alichapisha maelezo juu ya wale aliowaita “walaji wa shaba”, yaani mafundi waliochimba mawe ya kijani wakati wa kiangazi, wakachoma makaa, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavuvia mivuo mpaka shaba ikatiririka, kisha wakaimimina katika kalibu. Maelezo hayo yanathibitisha kwamba hapa palikuwa na elimu, utaratibu na mafundi wakuu. Tunamshukuru aliyeandika. Tena tunauliza: mafundi hao waliitwa nani?

Wala tusifikiri kwamba wazee wetu walikaa tu wakingoja mgeni aje kuandika. Waluba walikuwa na lukasa, ubao mdogo wa kushikwa mkononi, uliopambwa kwa shanga na simbi. Wazee wa chama cha Mbudye waliupapasa kwa kidole, wakasimulia habari za wafalme, safari na mahali patakatifu. Ulikuwa kitabu cha historia, na ndani yake majina yalikuwa ndiyo msingi. Mwaka 1996 Mary Nooter Roberts na Allen Roberts walitoa Memory: Luba Art and the Making of History, kitabu chenye picha nyingi za mbao hizo, ambazo kwa sehemu kubwa ziko sasa katika makumbusho ya ng'ambo.

Mwaka huohuo kilitoka kitabu kingine, Remembering the Present, cha Johannes Fabian, aliyewahi kufanya utafiti Kolwezi. Moyo wa kitabu hicho ni kazi ya Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947. Katika miaka ya 1973 na 1974 Tshibumba alichora historia nzima ya nchi, picha mia moja na moja, kisha akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha hapa petu. Alijiita mwanahistoria, naye alistahili jina hilo. Aliwachora wafalme, wakoloni, wafanyakazi waliouawa, na Lumumba. Picha hizo ziko Amsterdam. Tshibumba mwenyewe alitoweka mnamo mwaka 1981, lakini jina lake limebaki, kwa sababu maneno yake yaliandikwa pamoja na picha zake.

Basi, vijana wapendwa, tufanye nini? Tunapendekeza kwanza maswali matatu kwa kila picha ya kale: Nani aliichora au aliipiga? Aliifanya kwa ajili ya nani? Na ni nani aliyemo ndani yake bila kutajwa? Kikundi kinaweza kuchukua kitabu kimoja tu, kama cha Arnot au cha Moloney, kikakitazama katika simu moja kwa jioni moja, na mazungumzo yasiishe.

Pili, tusiache deni la majina likue mikononi mwetu. Katika nyumba nyingi za makambi ya zamani ya wafanyakazi zimo fotografia: babu amevaa kofia ya kazi, bibi amesimama mbele ya mlango, timu ya mpira, siku ya Komunyo ya Kwanza. Kampuni iliwajua watu hao kwa namba ya kazini, matrikule. Kitabu cha Ubatizo cha parokia kiliwaandika kwa majina yao, pamoja na majina ya wazazi na wasimamizi wao. Imani yetu haikubali kwamba mtu ni namba, wala kwamba ni sura tu katika picha. Wazee wanaoweza kumnyoshea kidole kila mmoja na kusema “huyu ni fulani” wanapungua mwaka hadi mwaka.

Chukueni kalamu, mwende kwao. Andikeni nyuma ya kila picha jina, mahali na mwaka, kwa herufi zinazosomeka. Kisha nakala moja ya orodha hiyo iwekwe katika maktaba ya parokia, hata kama maktaba hiyo ni kabati moja tu.