Sahihi ya muhuri: nani anaweka ufunguo?

1/ Kila zogo likizuka kuhusu hundi au barua ya serikali ya jiji, watu huuliza: "Ni mkubwa alitia sahihi, ama ni muhuri?" Mimi naona kuna swali kubwa kuliko hilo. Twende nyuma kidogo.

2/ Uingereza, 1545. Mfalme Henry VIII ni mgonjwa na karatasi zimerundikana. Anaruhusu muhuri wa sahihi yake: unagandamizwa bila wino, unaacha alama, kisha karani William Clerk anaifuatisha kwa wino. Lakini kila hati inaandikwa kwenye orodha ya mwezi. Kumbuka hiyo orodha.

3/ Mfalme akafa 28 Januari 1547. Wosia wake una tarehe 30 Desemba 1546, ila kwenye orodha ya muhuri uko Januari! Na sheria ilitaka autie sahihi kwa mkono wake. Wosia uliruka ukoo wa Scotland kwenye urithi wa kiti, kwa hivyo wafuasi wa Mary wa Scotland wakaupinga kwa hoja hiyo. Wanahistoria wanabishana hadi leo.

4/ Sasa Marekani. Jiji likikopa kwa kuuza hatifungani, maofisa walikuwa wanatia sahihi moja moja, maelfu. Mwaka wa 1958 ikaandikwa sheria ya mfano, na majimbo kadhaa yakaipitisha. Sahihi ya kuchapwa ruksa, lakini ofisa kwanza aweke sahihi yake ya mkono, kwa kiapo, katika ofisi ya katibu wa jimbo. Kwenye hatifungani, angalau sahihi moja ibaki ya mkono. Ukiitumia kulaghai, ni jinai.

5/ Hapa Kenya, marekebisho ya sheria za biashara ya 2020 yalitambua sahihi ya kielektroniki. Kwa hivyo kusema "hii si kalamu" pekee hakutoshi tena.

6/ Shida ni hii: mkandarasi amelipwa, barabara haipo, na ofisa anasema "sikutia sahihi mimi". Karani naye anasema alitumwa. Pesa ya mlipa ushuru imeenda, na hakuna wa kushikwa.

7/ Kwa hivyo mkisikia mjadala huu tena, ulizeni: ufunguo wa droo ya muhuri uko kwa nani? Daftari liko wapi? Nani hulikagua? Ile orodha ya Clerk ndiyo inatuwezesha kuuliza maswali kuhusu wosia wa mfalme, karibu miaka 480 baadaye. Ya kaunti yako, umewahi kuiona?