Gharama za kesi za uchaguzi: Nani hulipa, na mahakama hukadiria vipi?

KESI ya kupinga matokeo ya uchaguzi haiishi siku jaji anaposoma uamuzi. Kwa upande ulioshindwa, hapo ndipo huanza hesabu nyingine: mawakili wa mshindi watalipwa kiasi gani, na kutoka mfuko wa nani?

Swali hili lina uzito kwa sababu si wawaniaji pekee wanaofika mahakamani. Mpiga kura wa kawaida pia aweza kuwasilisha malalamishi, na akishindwa huenda akadaiwa fedha ambazo hajawahi kuzishika maishani.

Hatua ya kwanza ni dhamana. Kifungu cha 78 cha Sheria ya Uchaguzi ya 2011 humtaka mlalamishi kuweka fedha mahakamani katika muda wa siku 10 baada ya kuwasilisha kesi. Kesi dhidi ya mgombea wa urais huhitaji Sh1 milioni. Dhidi ya mbunge au gavana Sh500,000. Na dhidi ya diwani wa bunge la kaunti Sh100,000. Asipoziweka, kesi haiwezi kuendelea, na mshtakiwa aweza kuomba itupiliwe mbali, naye alipwe gharama.

Wengi hukosea wakidhani kwamba dhamana hiyo ndiyo kikomo cha deni. Sivyo. Dhamana ni kinga tu kwa mshtakiwa. Gharama zikiizidi, mlalamishi hudaiwa salio.

Kifungu cha 84 cha sheria hiyo husema kwamba gharama hufuata matokeo ya kesi, yaani anayeshindwa humlipa anayeshinda. Hata hivyo, jaji ana hiari. Chini ya kanuni za kesi za uchaguzi za 2017, mahakama hutaja mwisho wa kesi ni nani atakayelipa, nani atakayelipwa, na jumla ya fedha au upeo usiopaswa kupitwa. Kanuni hizo pia humruhusu jaji kumnyima gharama mtu aliyeleta madai yasiyo na msingi au aliyeisumbua mahakama, hata kama ameshinda.

Tuchukue mfano. Jaji ametupilia mbali kesi dhidi ya mbunge na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), akaweka upeo wa Sh2 milioni kwa kila mmoja wao. Mlalamishi aweza kudaiwa hadi Sh4 milioni. Ukiondoa dhamana ya Sh500,000, hubaki Sh3.5 milioni.

Upeo, hata hivyo, si malipo ya moja kwa moja. Jaji asipotaja kiasi kamili, wakili wa mshindi huandaa orodha ya gharama na kuiwasilisha kwa msajili au naibu wake. Afisa huyo huichambua kipengee kwa kipengee akiongozwa na amri ya malipo ya mawakili: ada ya kupokea kazi, siku za kuhudhuria vikao, kunakili hati, na fedha zilizotumika safarini. Matumizi yasiyothibitishwa kwa stakabadhi huweza kukatwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mvutano mkubwa huwa kuhusu ada ya kupokea kazi. Kiti cha ubunge hakina bei kama shamba au gari. Kwa hiyo msajili hutazama uzito wa suala, ugumu wake, wingi wa hati na mashahidi, na muda uliotumika.

Mwongozo unaotajwa mara kwa mara ni uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika kesi ya Premchand Raichand dhidi ya Quarry Services, iliyoripotiwa 1972. Mahakama hiyo ilieleza kwamba gharama zisipande hadi milango ya haki ikabaki wazi kwa matajiri pekee. Kwamba mshindi arudishiwe kwa haki alichotumia. Kwamba malipo yawe ya kuvutia watu katika taaluma ya uwakili. Na kwamba kesi zinazofanana zikadiriwe kwa kulingana kadiri iwezekanavyo.

Asiyeridhika na makadirio hupinga kwa maandishi katika muda wa siku 14, akitaja vipengee anavyovilalamikia, kisha suala hupelekwa kwa jaji. Jaji haingilii kwa sababu tu yeye angetoa kiasi tofauti. Huingilia msajili akiwa amekosea kanuni, au kiasi kikiwa kikubwa au kidogo kupita kiasi.

Kesi za urais zimechukua njia nyingine. Mahakama ya Juu iliamuru kila upande ujilipie gharama zake Machi 2013 na Septemba 2022 ilipokataa malalamishi, na vivyo hivyo Septemba 2017 ilipofuta ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta. Mnamo 2022 ilieleza kwamba suala hilo lilikuwa la maslahi ya umma.

Mpiga kura anayepinga ushindi wa mbunge wake asitarajie huruma hiyo kuwa desturi. Na IEBC inapoamriwa kulipa kwa makosa yake, fedha hizo hutoka kwa mlipa ushuru. Kabla ya kutia sahihi malalamishi, basi, ni busara kumuuliza wakili maswali mawili: ada yako ni kiasi gani, na tukishindwa nitadaiwa na watu wangapi?