Kuingia Chuoni na Kuhitimu: Historia ya Ruzuku za Wanachuo wa Tabaka la Chini Marekani

Katika kikundi chetu cha majadiliano kijana mmoja aliuliza swali ambalo wakufunzi tumelisikia mara nyingi. Ikiwa dola ya kibepari ni chombo cha mabepari, kwa nini serikali ya Marekani hutoa zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka ili watoto wa wavujajasho wasiache chuo? (Kiswahili chetu kimeipa mamlaka ya utawala na fedha ya Mmarekani jina moja, na swali lile lilihitaji kurudiwa mara mbili ndipo lieleweke.) Mwenzake alimjibu hapo hapo kwamba ni hongo ya mabepari. Wa tatu akasema basi ubepari nao una huruma yake. Majibu yote mawili ni ya uvivu. La kwanza limekaririwa, na la pili limetolewa na mtu aliyetazama tokeo bila ya kuuliza limetoka wapi. Makala hii inakusudia kulifuata jambo lenyewe katika historia.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, chuo kikuu nchini Marekani kilikuwa mali ya watoto wa wenye nacho. Palikuwa na mahali pachache pa namna nyingine, kama chuo cha umma cha jiji la New York kilichoanzishwa mwaka 1847, ambacho hakikutoza ada. Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1944, nalo halikuletwa na huruma. Watawala walikuwa hawajasahau mwaka 1932, wakati askari wa zamani wa Vita ya Kwanza, wakiwa hawana kazi, walipoandamana hadi Washington kudai malipo yao na kutawanywa na jeshi la nchi yao wenyewe. Sasa mamilioni wengine walikuwa karibu kurudi nyumbani. Sheria aliyoitia sahihi Rais Roosevelt mwezi Juni 1944 iliwapa askari hao ada, fedha za vitabu na posho ya kila mwezi ya kujikimu. Waliokwenda vyuoni kwa sheria hiyo walikuwa kama milioni 2.2.

Kada anayesoma historia hii asiipite posho ile haraka. Wapo wakuu wa vyuo walioogopa kwamba wanaume hao wenye wake na watoto, ambao wengi wao hawakuwa na mtu wa ukoo wao aliyewahi kufika chuo, wangeshusha kiwango cha elimu. Kumbe walisoma vizuri, kwa sababu chakula na kodi ya nyumba vilikuwa vimekwisha kulipwa. Askari weusi, hata hivyo, hawakuifaidi sheria hiyo sawasawa na wenzao. Katika majimbo ya kusini vyuo vya weupe viliwafungia milango, na vyuo vichache vya weusi vikajaa mpaka vikawa vinarudisha watu. Sheria ilikuwa moja, lakini iligawanywa na mikono ya wabaguzi.

Mwaka 1957 Warusi walirusha Sputnik, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya mikopo ya wanachuo kwa jina la ulinzi wa taifa. Jina hilo linatosha kueleza nia yake.

Tufike kwa Lyndon Johnson. Mtu huyu aliyeamuru mabomu ya Vietnam ndiye pia aliyetia sahihi Sheria ya Elimu ya Juu, tarehe 8 Novemba 1965. Aliitia sahihi katika mji mdogo wa San Marcos, Texas, kwenye chuo cha ualimu alichosoma yeye mwenyewe. Aliingia hapo mwaka 1927 akiwa hana kitu, akafanya kazi ya usafi na baadaye ya utarishi katika ofisi ya mkuu wa chuo. Fedha zilipomwishia aliacha masomo kwa muda wa kama mwaka mmoja, akaenda Cotulla kufundisha watoto wa wafanyakazi wa asili ya Meksiko, ndipo akarudi na kuhitimu mwaka 1930. Kwa hiyo alijua kwa maisha yake kwamba mtu anaweza kuwa na akili na bado akashindwa kumaliza. Mambo mawili hayo, Vietnam na San Marcos, yalikuwa ya mtu mmoja na ya serikali moja, na yeyote anayetaka kuuelewa ubepari wa Marekani hana budi kuyashika yote mawili kwa pamoja.

Lakini Johnson hakufanya peke yake. Nyuma yake kulikuwa na vuguvugu la haki za raia, maandamano, magereza yaliyojaa vijana na makanisa yaliyolipuliwa. Sheria ya kupambana na umaskini ya mwaka 1964 ilizaa mpango wa Upward Bound wa kuwaandaa wanafunzi maskini wa sekondari. Sheria ya mwaka 1965 ikazaa Talent Search, wa kuwatafuta wenye vipaji na kuwaelekeza vyuoni. Ndipo kosa la kwanza likaonekana. Vijana walifika chuoni, na wengi wakarudi makwao. Mwaka 1968, mwaka aliouawa Martin Luther King na miji ikaungua moto, Bunge liliongeza mpango wa tatu wa kuwasaidia wale waliokwisha ingia wadumu na kuhitimu. Mipango ikawa mitatu, na watumishi wakaiita TRIO. Jina hilo likabaki hata mipango ilipozidi mitatu.

Nani aliyetoa somo hili kwa uwazi zaidi? Ni wanachuo wa New York. Chuo kile cha bure kilikuwa katikati ya Harlem, lakini wanafunzi weusi na wa asili ya Puerto Rico walikuwa wachache sana ndani yake. Mpango wa SEEK, uliowekwa katika sheria mwaka 1966, uliwaingiza baadhi yao na kuwapa posho, washauri na walimu wa masomo ya msingi. Mwezi Aprili 1969 wanachuo hao waliteka sehemu ya kusini ya chuo wakidai mlango ufunguliwe kwa wote. Wakashinda. Mwaka 1970 wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vya jiji walipanda kutoka kama 20,000 hadi kama 35,000. Ushindi huo ulikuwa wa kweli, lakini ulikuja bila ya bajeti ya kutosha. Madarasa yalifundishiwa katika majengo ya kupanga, walimu wakaajiriwa haraka haraka, na wengi wa walioingia hawakumaliza. Wapinzani wakapata la kusema: mnaona, hawa hawawezi. Jiji lilipokaribia kufilisika mwaka 1975 na wenye mabenki kuanza kuamua bajeti yake, chuo kilichokuwa bure tangu 1847 kilianza kutoza ada mwaka 1976, na makumi ya maelfu ya wanachuo wakatoweka. Mimi huona kwamba kosa la vuguvugu lile, kama ni haki kuliita kosa, lilikuwa kuhesabu walioingia na kuchelewa kuhesabu waliotoka na shahada.

Sasa tuangalie ruzuku yenyewe inavyofanya kazi. Serikali kuu haimpi fedha hizo mwanachuo mkononi. Chuo huandika maombi, hushindana na vyuo vingine, na kikishinda hupata ruzuku ya miaka mitano. Angalau theluthi mbili ya wanaohudumiwa lazima wawe maskini ambao wazazi wao hawana shahada, au walemavu. Fedha hulipa mishahara ya washauri na walimu wa ziada, pamoja na watu wa kumsaidia kijana kuchagua masomo na kujaza fomu za msaada, ambazo ni ndefu kuliko mitihani mingi. Kisha chuo hupimwa kwa mambo matatu: wangapi wamebaki mwaka hadi mwaka, wangapi wana alama nzuri, na wangapi wamehitimu. Kipimo hicho ni kizuri. Ubaya wake uko kwenye mashindano, kwani chuo chenye waandishi hodari wa maombi huweza kukishinda chuo chenye maskini wengi zaidi, na ruzuku ikiisha mshauri aliyemjua kila mwanachuo kwa jina huondoka.

Mwaka 1980 sheria ilirekebishwa, na neno lililoingizwa lilikuwa na uzito kuliko fedha. Anayestahili alitajwa kuwa mtu ambaye wazazi wake hawakupata shahada. Arnold Mitchem, mwalimu mweusi aliyeongoza mpango wa namna hii katika Chuo Kikuu cha Marquette tangu 1969, alikuwa miongoni mwa walioupigania ufafanuzi huo. Kwa neno hilo mtoto wa mchimba makaa mweupe wa milima ya Appalachia, mtoto mweusi wa Mississippi na mtoto wa kibarua wa mashamba ya California wakawa na dai moja. Bila ya kulitaja tabaka, sheria ilikuwa imelikaribia. Matunda yake yakaonekana mapema. Serikali ya Reagan iliingia madarakani mwaka 1981 ikitaka kuzipunguza sana fedha za TRIO. Mwaka huo huo watumishi wa mipango hiyo wakaunda chama cha taifa chini ya Mitchem, na wabunge wa vyama vyote viwili wakajikuta wana wapiga kura wanaofaidika. Mipango ikaokoka. Mwaka 1986 ukaongezwa hata mwingine, kwa jina la mwanafizikia mweusi Ronald McNair aliyekufa katika chombo cha Challenger.

Wakati huo huo msingi wenyewe ulikuwa unaliwa. Msaada mkubwa kwa wanachuo maskini ulioanzishwa mwaka 1972, ambao baadaye ulipewa jina la seneta Claiborne Pell, ulilipa zaidi ya robo tatu ya gharama za chuo cha umma katikati ya miaka ya 1970. Siku hizi hulipa kama theluthi. Pengo hujazwa kwa deni. Mshauri hodari namna gani hawezi kumbakiza chuoni kijana anayefanya kazi usiku ili alipe kodi.

Haya yalithibitishwa tena New York. Mwaka 2007 vyuo vya jiji vilianza mpango uitwao ASAP. Mwanachuo aliondolewa ada iliyobaki, akapewa vitabu, tiketi ya treni na mabasi, na mshauri mwenye wanafunzi wachache. Kwa upande wake alitakiwa asome muda wote na amwone mshauri wake mara kwa mara. Watafiti waliwagawa wanachuo wenye dhiki kwa bahati nasibu. Katika miaka mitatu asilimia 40 ya walio ndani ya mpango walihitimu, na asilimia 22 ya walio nje. Tiketi ya treni! Wasomi walibishana miaka 40 juu ya uwezo wa watoto wa maskini, na sehemu ya jibu ilikuwa nauli.

Nilipomrudishia kijana wetu historia hii, aliuliza kama nasi tunahesabu. Tuna Bodi ya Mikopo tangu 2005, na kila mwaka sote twajua kwa shauku idadi ya waliopangiwa mikopo. Nilimwambia aende katika tawi lake la chuoni aulize wangapi wa mwaka wa kwanza hawakurudi mwaka wa pili, na kila mmoja aliondoka kwa sababu gani. Alirudi baada ya wiki mbili na majina tisa. Watano kati yao hawakushindwa mtihani wowote.

Huko Marekani, mwaka 2025 serikali ya Donald Trump ilipendekeza fedha zote za TRIO zifutwe, na ruzuku kadhaa za vyuo zikakatishwa kabla ya muda wake. Chama kile kilichoundwa mwaka 1981 kilikwenda mahakamani.