Pembe za Ndovu: Kutoka Bagamoyo hadi Mkataba wa CITES

Katika karne ya 19 mji wa Bagamoyo ulikuwa mlango mkuu wa pembe za ndovu zilizotoka bara. Misafara ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ilishuka kutoka Tabora na Ujiji. Wenye mitaji, kama Sewa Haji Paroo, waliigharimia misafara hiyo na kuipatia bidhaa za kubadilishana huko bara. Pembe zilipimwa kwa frasila, yaani takriban kilo 16, kisha zikapakiwa majahazini kwenda Unguja. Kutoka huko zilisafirishwa India, Ulaya na Marekani, ambako zilitengenezwa bangili, vitana, mipira ya biliadi na vibao vya piano. Kadiri ndovu wa karibu na pwani walivyopungua, ndivyo wawindaji walivyozidi kuingia bara.

Sheria ya kwanza ya kikoloni ya kuzuia upungufu huo ilitokana na mtu aliyejulikana vizuri Bagamoyo. Hermann von Wissmann ndiye aliyeongoza majeshi ya Wajerumani dhidi ya Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, mwaka 1889, wakati Bagamoyo ilipokuwa makao ya utawala wao. Alipokuwa gavana wa koloni lao alitoa amri ya uwindaji ya mwaka 1896, iliyomtaka mwindaji awe na leseni na iliyotenga mapori mawili ya akiba: moja eneo la Rufiji, jingine magharibi mwa Kilimanjaro. Malipo ya leseni yalikuwa mazito kwa mwindaji wa kijijini. Aliyerithi kazi hiyo kwa babu yake akajikuta anaitwa jangili, huku mzungu mwenye fedha akiendelea kuwinda kwa kibali.

Wissmann alihimiza pia mapatano ya kimataifa, kwa kuwa pembe iliyokatazwa katika koloni moja iliweza kuvushwa mpaka na kuuzwa katika koloni jingine. Tarehe 19 Mei 1900 madola ya Ulaya yenye makoloni Afrika yalitia saini mkataba jijini London. Mkataba huo ulitaka pembe zenye uzito chini ya kilo 5 zitaifishwe, ili ndovu wadogo wasiuawe. Haukuanza kutumika kamwe, kwani madola mengi hayakuuridhia. Mkataba wa pili wa London, wa mwaka 1933, ulianza kutumika mwaka 1936 na kueneza wazo la hifadhi za taifa. Katika Tanganyika, Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951.

Uhuru ulipokaribia, wajibu wa kuhifadhi wanyamapori ulianza kushikwa na Waafrika wenyewe. Azimio la Arusha la Septemba 1961 kuhusu wanyamapori, lililotolewa na Julius Nyerere na ambalo si lile la siasa la mwaka 1967, lilitaja wanyamapori kuwa amana. Mwaka 1968 nchi za Afrika zilitia saini mkataba wao wa hifadhi ya maliasili jijini Algiers, na mwaka 1974 Tanzania ikatunga Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori.

Hata hivyo sheria hizi zilimbana zaidi mwindaji. Soko lilibaki wazi. Pengo hilo lilishughulikiwa na mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 kudhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Tanzania ilijiunga mwaka 1979, lakini ndovu waliendelea kuuawa kwa wingi, hasa Selous, pori lililokua kutokana na akiba ya Rufiji. Mwaka 1989 serikali iliendesha Operesheni Uhai dhidi ya majangili, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopendekeza ndovu wa Afrika aingizwe katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, yaani orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa imekatazwa. Mkutano wa nchi wanachama wa CITES huko Lausanne ulikubali Oktoba mwaka huo, na biashara ya kimataifa ya pembe ikapigwa marufuku kuanzia Januari 1990.

Sheria ya mwaka 1974 ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na ile ya mwaka 2009. Kaskazini mwa Bagamoyo, pori la akiba la Saadani lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ni hifadhi ya taifa inayopakana na Bahari ya Hindi, na ndovu wamo ndani yake, kwenye pwani ileile ambayo majahazi yalipakia pembe.