Bei ya umeme Unguja: nani anaamua, na sauti yako inaingia wapi

Kila zinaposikika habari kwamba bei ya umeme itaangaliwa upya, au kwamba waya mwengine wa baharini unahitajika, simu za kipindi chetu hujaa. Wasikilizaji wa Makunduchi, Mkokotoni na Paje huuliza karibu swali moja: nani hasa anayepanga bei hii? Wengine humtaja Waziri, wengine humlaumu kijana anayewauzia uniti dukani, ambaye masikini hana lolote analolipanga. Tumeona tuliandike jambo hili ili mtu alisome kwenye simu kwa nafasi yake.

Tuanze na taasisi mbili. ZECO ni Shirika la Umeme Zanzibar, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2006. Hilo ndilo linaloleta nguzo, waya na mita ya Tukuza nyumbani kwako. ZURA ni Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati, iliyoanzishwa kwa Sheria namba 7 ya mwaka 2013. ZURA haiuzi umeme wala haichimbi nguzo. Kazi yake ni kumsimamia muuzaji: kuangalia kama bei anayoitaka ina sababu, na kama huduma anayotoa inalingana na fedha anazochukua. Ni ZURA hiyo hiyo inayotangaza bei za petroli na dizeli kila mwezi, na kwa hilo ndiyo wengi wanaijua.

Umeme wenyewe unatoka wapi

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Unguja haina mto wa kuweka bwawa la umeme. Sehemu kubwa kabisa ya umeme tunaoutumia unatoka Tanzania Bara. ZECO inaununua kwa jumla kutoka TANESCO, unapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, na kuibukia Fumba. Pemba ina waya wake kutoka upande wa Tanga, uliokamilika mwaka 2010.

Waya wa kwanza wa Unguja ulilazwa mwaka 1980 kwa msaada wa Norway, na uwezo wake ulikuwa megawati 45. Kwa miaka zaidi ya 30 kisiwa kizima kilining'inia kwenye waya huo mmoja. Tarehe 21 Mei 2008 umeme ulikatika na haukurudi mpaka katikati ya Juni. Kisha Disemba 10, 2009 ukakatika tena kutokana na hitilafu pale Fumba, na safari hii tulikaa gizani karibu miezi mitatu, hadi Machi 2010.

Waliokuwa watu wazima wakati ule hawahitaji kukumbushwa. Baadhi yetu hapa redioni tulikuwa skuli bado, tukidurusu kwa kibatari. Maji nayo yalipotea, kwa sababu pampu za visima zinaendeshwa na umeme. Madumu ya njano yalipanga foleni Mji Mkongwe na ng'ambo kote, samaki wakaharibika kwa kukosa barafu, na ngurumo za majenereta zikawa ndiyo sauti ya mji. Tunasimulia haya kwa sababu yanaeleza kwa nini uamuzi wa kujenga waya mwengine, au kuwa na umeme wetu wa akiba, si jambo la wahandisi peke yao.

Baada ya giza lile yalifungwa majenereta ya dizeli pale Mtoni kwa ajili ya dharura. Mwaka 2013 ukazinduliwa waya wa pili wa megawati 100, wa kilomita 37 hivi, uliogharamiwa na Marekani kupitia shirika lake la MCC. Tangu hapo hoteli zimeongezeka kutoka Nungwi mpaka Kizimkazi, Fumba kumejengwa miji mipya, na nyumba nyingi za mashamba zimeungwa. Waya wa kwanza sasa una umri wa zaidi ya miaka 40. Bara umeme upo: bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine tisa zenye jumla ya megawati 2,115, na mashine ya mwisho ilianza kazi mwaka 2025. Lakini maji yakijaa kwenye tangi na bomba likawa jembamba, wewe uliye mwisho wa bomba hujapata nafuu.

Bei yako inapangwa mara mbili

Jambo hili wengi hawalijui, na sisi wenyewe tulichelewa kulielewa. Kwa kuwa umeme tunaununua Bara, bei ya TANESCO inapita kwanza kwa EWURA, mdhibiti wa huko. Nishati ya umeme si jambo la Muungano, kwa hiyo kila upande una mdhibiti wake. ZECO ikishanunua, inaongeza gharama zake: umeme unaopotea njiani kwenye waya na transfoma, mishahara, matengenezo, mikopo. Ndipo inapopeleka maombi ZURA, na ZURA inaamua bei ya mwisho. Maana yake ni kwamba ZURA inaweza kuibana ZECO ipunguze upotevu na matumizi yasiyo ya lazima, lakini haina mkono wa kushusha bei ya kununulia ng'ambo ya bahari. Hilo linahitaji mazungumzo baina ya Serikali mbili.

Mazungumzo hayo hayajakuwa mepesi siku zote. Mwezi Machi 2017 Rais Magufuli, akiwa Mtwara, aliitaka TANESCO iwakatie umeme wadaiwa wote, na Zanzibar ilikuwa miongoni mwao. Deni lililotajwa lilizidi shilingi bilioni 120. Umeme haukukatwa, sehemu ya deni ililipwa na wakubwa wakakaa mezani. Baadaye, mwaka 2019, sheria ya fedha ya Muungano iliondoa mzigo wa VAT kwenye umeme unaouzwa Zanzibar kutoka Bara. Kwa hiyo ukisikia Bungeni Dodoma wanajadili kodi, usizime redio. Mstari mmoja wa sheria ile unaweza kufika mpaka kwenye mita yako Donge.

Na jua letu?

Wasikilizaji wengi hutuambia: jua tunalo bure, kwa nini tusitumie? Ni kweli, na mwelekeo ni huo. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi unaojulikana kama ZESTA, wa kuimarisha njia za umeme na kuleta umeme wa jua wenye betri. Hata hivyo jua ni bure, mitambo si bure. Halafu matumizi yetu makubwa yanaanza baada ya Magharibi, taa zinapowashwa, televisheni na feni zinapofanya kazi na hoteli zinapojaa wageni kwenye chakula. Wakati huo jua limeshazama. Betri zinahitajika, na betri ndizo zinazopandisha gharama.

Kuna na ardhi. Megawati moja ya jua hula eka tatu hadi tano. Mzee aliyepewa eka tatu zake baada ya Mapinduzi anaelewa hesabu hiyo vizuri: shamba lake lote la mikarafuu au minazi, na pengine na la jirani, ni megawati moja tu. Ndiyo maana mahali pa kuweka mitambo ni suala la kuulizwa mapema, kabla matrekta hayajafika.

Mikataba ya kununua umeme wa jua kwa wawekezaji binafsi kwa kawaida huwa ya miaka mingi, 20 au zaidi. Tungependa kila msikilizaji awe na maswali matatu tayari pindi mkataba wa namna hiyo unapotangazwa. Bei imewekwa kwa shilingi au kwa dola? ZECO ikishindwa kuutumia umeme wote siku fulani, italipa au hailipi? Mkataba ukimalizika, mitambo inabaki ya nani? Kwa maoni yetu swali la dola ndilo zito kuliko yote, kwa sababu mteja wa Tukuza analipa kwa shilingi.

Unavyoweza kuingia kwenye uamuzi

Maombi ya kubadili bei yakipelekwa, kabla ya uamuzi wananchi wanatakiwa wapate nafasi ya kusema. Tatizo ni kwamba mikutano ya namna hii huhudhuriwa zaidi na watu wa mjini na wenye mahoteli. Mama mwenye friza anayeuza barafu za ubuyu Jambiani hayumo ukumbini, ingawa bei ikipanda yeye ndiye wa kwanza kuisikia. Sikiliza matangazo ya redio, tazama Zanzibar Leo, na muulize sheha wako kama amepata taarifa. Maoni si lazima uyaseme kwa mdomo, barua ya ukurasa mmoja inatosha, na barua ya shehia nzima yenye saini 40 inasomeka vizuri zaidi.

Barua yenye hesabu ndiyo yenye uzito. Tunza risiti zako za Tukuza. Chukua fedha ulizolipa, gawa kwa uniti ulizopata, uandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Ukifanya hivyo miezi sita utajua kama bei imebadilika au ni matumizi yako yaliyoongezeka. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja: birika la umeme la wati 2,000 huimaliza ndani ya nusu saa, wakati taa ya wati 10 inaweza kuwaka saa 100 kwa uniti hiyo hiyo. Andika pia siku umeme ulipokatika, saa uliokatika na saa uliorudi, na kitu kilichoharibika kama kipo.

Ukiwa na lalamiko, anzia ofisi ya ZECO ya wilaya yako, na usiondoke bila ya namba ya lalamiko au jina la aliyelipokea. Wasipokujibu, au jibu lisipokuridhisha, lipeleke ZURA kwa maandishi ukiambatanisha nakala za risiti na ile namba. Ukienda moja kwa moja ZURA bila ya kupita ZECO, jitayarishe kurudishwa ulikotakiwa kuanzia, na nauli ya daladala ya kwenda mjini na kurudi umeshaipoteza.