Jimmy Carter alianzia katika baraza la shule



Mwaka wa masomo ukianza, shule zetu nyingi zinaita wazazi ili kuchagua komite, ile tunayoita COPA. Wazazi wengi hawaendi. Wengine wanasema ni kazi ndogo, tena toka gratuité ya 2019 hakuna tena cha kuzungumza pale. Wengine wanasema: « Hata tukienda, majina yamekwisha kupangwa. » Juu ya maneno hayo mawili, nimeona tukumbuke historia ya mtu ambaye wengi wetu tunajua jina lake, lakini hatujui alianzia wapi.

Mtu huyo ni Jimmy Carter, rais wa Marekani toka 1977 mpaka 1981. Sisi wa Kongo tuliona waangalizi wa shirika lake, Carter Center, katika uchaguzi wa 2006 na ule wa 2011. Siasa yake haikuanzia Washington. Ilianzia katika baraza la shule la kwao.

Alirudi nyumbani

Carter alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1924 huko Plains, kijiji kidogo cha jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa mkulima na mwenye duka, mama yake muuguzi. Kijana alisomea jeshi la maji, akamaliza 1946, akafanya kazi katika nyambizi. Mwaka 1953 baba yake akafa. Carter akaacha jeshi, akarudi Plains pamoja na mke wake Rosalynn na watoto watatu ili kushika mashamba ya karanga.

Sisi tuliorudi toka Tanzania tunajua mwanzo kama ule. Hawakuwa na nyumba yao, wakapanga katika nyumba za serikali za watu wa kipato kidogo. Mwaka 1954 ukame ukapiga mashamba, faida ikawa karibu na bure. Ndani ya shida hiyo ndipo alipoingia katika baraza la shule la wilaya ya Sumter, katikati ya miaka ya 1950. Hakupigiwa kura, aliteuliwa. Baba yake naye aliwahi kukaa katika baraza lile. Baadaye Carter akawa mwenyekiti wake.

Shule mbili katika wilaya moja

Wakati ule watoto weupe na watoto weusi walisoma mbalimbali kwa nguvu ya sheria. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema ubaguzi huo katika shule za serikali unavunja katiba, lakini huko Georgia wakubwa walikataa kutii. Carter mwenyewe alieleza baadaye kwamba alipoingia katika baraza ndipo alipoona vizuri tofauti: weupe walipanda basi, weusi walitembea kwa mguu, vitabu vikizeeka kwa weupe ndipo vilipelekwa kwa weusi.

Tusimpambe kupita kiasi. Baraza lile halikuvunja ubaguzi, na yeye hakusimama mbele ya watu kudai uvunjwe. Alikataa kuingia katika chama cha weupe kilichoundwa ili kulinda ubaguzi, na wateja wengine wakasusia biashara yake kwa muda. Mwaka 1961 alitembea huku na huku kuomba watu wakubali shule za wilaya na za mji wa Americus ziunganishwe chini ya usimamizi mmoja. Wapinzani wakasema huo ni mlango wa kuchanganya watoto weusi na weupe. Watu wakapiga kura, mpango wake ukaanguka. Kampeni yake ya kwanza ilikuwa juu ya shule, na alishindwa.

Siku kumi na tano za kampeni

Mwaka 1962 mahakama zililazimisha Georgia kubadilisha namna ya kuchagua, na viti vya seneti ya jimbo vikagawanywa upya. Carter aliona kwamba mambo ya shule yanaamuliwa huko juu. Siku ya kutimiza miaka 38, tarehe 1 Oktoba, akaamua kugombea. Uchaguzi wa ndani ya chama ulikuwa tarehe 16 ya mwezi uleule. Alibaki na siku kumi na tano tu kuzunguka wilaya saba.

Siku ya kura, habari zikatoka Georgetown, makao ya wilaya ya Quitman. Huko mkubwa mmoja wa siasa, Joe Hurst, alikuwa anatawala kila kitu. Watu walipiga kura juu ya meza, yeye akitazama, akiwaonyesha jina la kufuta. Sanduku lilikuwa katoni yenye tundu. Waliopiga kura walikuwa 333, lakini ndani zilipatikana karatasi 420. Katika daftari, majina zaidi ya mia moja yalifuatana kwa alfabeti, kama watu walikuja kupanga mstari kwa A, B, C. Kati yao kulikuwa wafu na wafungwa. Carter, aliyekuwa mbele katika wilaya zingine sita zikiwa pamoja, akatangazwa ameshindwa.

Wengi walimwambia aache, kwa sababu huko ni desturi. Hakuacha, wala hakuita vijana barabarani. Alitafuta mashahidi mmoja mmoja, akawaomba waandike na kutia saini. Mwandishi wa gazeti la Atlanta, John Pennington, akafuatilia na kuchapisha. Wakili Charles Kirbo akapeleka kesi, sanduku likafunguliwa mbele ya jaji, na kura za Georgetown zikatupwa. Mabishano yakaendelea mpaka usiku wa kuamkia uchaguzi wenyewe, tarehe 6 Novemba, ambapo wapiga kura walipaswa kuandika jina kwa mkono. Carter akapata kura 3,013, mpinzani wake Homer Moore 2,182. Januari 1963 akaingia seneti ya Georgia, na akaomba kuwekwa katika komite ya elimu.

Miaka mingi baadaye, akiwa amekwisha kutoka urais, alianzisha Carter Center mwaka 1982, na shirika hilo likaangalia kura katika nchi nyingi. Mwaka 2011 lilisema wazi kwamba matokeo ya uchaguzi wa rais kwetu Kongo hayaaminiki. Carter alifariki tarehe 29 Desemba 2024, akiwa na miaka 100.

Kwetu sisi

Katika historia hii ninaona mambo mawili ya kufaa COPA zetu.

La kwanza, asiyekaa katika baraza, mtoto wake haonekani. Watu weusi wa Sumter hawakuwa na mtu mezani, na wengi walizuiwa hata kujiandikisha kupiga kura, ndiyo sababu watoto wao walitembea kwa mguu. Kwetu, komite ikiwa ya wale waliobaki tu, nani atazungumzia mtoto aliyesoma Nyarugusu ambaye bado anadaiwa makaratasi? Na ikiwa yetu tu tuliorudi, nani atamkumbuka mtoto wa aliyekimbia vita juzi toka milimani? Gratuité imeondoa malipo ya shule ya msingi, lakini haikuondoa swali la nani anajua franka za shule zinakwenda wapi.

La pili, kura ya wizi inashindwa na karatasi, si kwa makelele. Tunapochagua komite, tuombe orodha ya wazazi waliofika, kura ihesabiwe mbele ya wote, PV iandikwe palepale, itiwe saini na pande zote na kubandikwa mlangoni. Anayeona kasoro aandike tarehe, majina na alichoona kwa macho yake. Carter alishinda kwa mambo kama hayo, na kwa sababu watu wa kawaida wa Georgetown, wenye woga kama sisi, walikubali kutia saini.

Kwa hiyo, mkutano wa wazazi ukiitwa katika shule ya mtoto wako, uende. Na ukiwa na uwezo, jitoe kugombea.